Zooplanktoni Wanavyohesabiwa Katika Jaribio la Kurutubisha Bahari kwa Chuma

Kurutubisha bahari kwa chuma ni kitendo cha kumwaga kiasi kidogo cha chuma kilichoyeyushwa, kwa kawaida salfeti ya chuma, katika maji ya bahari kuu yenye virutubisho vingine vya kutosha lakini yanayopungukiwa na madini hayo. Shabaha yake ni kustawisha fitoplanktoni, yaani viumbe vidogo mno vya jamii ya mimea vinavyoelea karibu na uso wa maji, ili vifyonze hewa ya ukaa. Kati ya mwaka 1993 na 2009 wanasayansi walifanya majaribio 13 ya aina hiyo katika bahari ya wazi, na tangu hapo pendekezo la kulitumia jambo hilo kupunguza joto la dunia limekuwa likirudi katika mikutano ya kimataifa.

Taarifa za mwanzo kuhusu majaribio hayo hutaja kwanza rangi. Maji yaliyokuwa ya buluu hugeuka kijani, na picha za setilaiti huonyesha doa lililo dhahiri katikati ya bahari. Picha hiyo ni ya kweli, lakini haijibu swali ambalo mwananchi na serikali yake wanapaswa kuliuliza: je, kaboni iliyofyonzwa na mimea hiyo imezama katika kilindi cha bahari, au imeliwa na kurudi hewani? Jibu hutegemea kwa sehemu kubwa wanyama wadogo wanaoila mimea hiyo, ambao huitwa zooplanktoni. Makala haya yanaeleza jinsi wanyama hao wanavyohesabiwa, kwa kutumia zaidi mfano wa jaribio la LOHAFEX la mwaka 2009, na kwa nini hesabu yao iliamua hatima ya tumaini kubwa.

Chuma na walaji

Katika Bahari ya Kusini inayoizunguka Antaktika, katika Pasifiki ya ikweta na katika Pasifiki ya kaskazini, naitrati na fosfati hubaki majini mwaka mzima bila kutumika, na mimea huwa michache kuliko inavyotarajiwa. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kuhusu sababu. Mwaka 1988 mwanabahari Mmarekani John Martin na mwenzake Steve Fitzwater walichapisha ushahidi kwamba katika Pasifiki ya kaskazini mashariki kinachokosekana ni chuma. Martin alifariki mwaka 1993, miezi michache kabla ya nadharia yake kujaribiwa baharini kwa mara ya kwanza. Mwezi Oktoba mwaka huo, katika jaribio la IronEx kusini mwa visiwa vya Galapagos, kilo 450 hivi za chuma zilimwagwa katika eneo la kilomita za mraba 64, na mimea ikaongezeka.

Upande wa pili wa ubishi ule, hata hivyo, haukufutika. Wapo waliosema kuwa mimea ya bahari hizo ni michache kwa sababu huliwa kwa kasi ileile inayokua. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kuwa pande zote mbili zilikuwa na haki yake: chuma huamua mimea ikue kwa kasi gani, na walaji huamua kiasi gani kibaki.

Msomaji aliyekulia pwani au kando ya maziwa makuu anawafahamu zooplanktoni hata kama hajawahi kulisikia jina lao, kwa kuwa ndio chakula cha dagaa. Wengi wao ni kopepodi, wanyama wa ukoo wa kamba, ambao mtu mzima wao huwa na urefu wa kati ya nusu milimita na milimita chache. Wataalamu huwagawa zooplanktoni kwa ukubwa. Walio chini ya sehemu moja ya tano ya milimita huhesabiwa katika kundi la wadogo zaidi, ambalo wengi wake ni viumbe vya seli moja. Wanaofuata, hadi milimita 20, ndilo kundi la kopepodi. Walio juu ya hapo ni pamoja na kamba wa Antaktika. Mgawanyo huu una maana ya kivitendo: kila kundi lina chombo chake cha kulikusanya, na chombo kinachofaa kwa kundi moja hudanganya kwa kundi jingine.

LOHAFEX: jaribio lililosubiri kibali

Jina LOHAFEX linatokana na neno loha, ambalo kwa Kihindi ni chuma. Lilikuwa jaribio la pamoja la India na Ujerumani, likiongozwa na Wajih Naqvi wa Taasisi ya Taifa ya Bahari ya India iliyoko Goa, na Victor Smetacek wa Taasisi ya Alfred Wegener ya Ujerumani. Meli ya utafiti Polarstern iling'oa nanga Cape Town tarehe 7 Januari 2009 na kutia nanga Punta Arenas, Chile, tarehe 17 Machi.

Safari ilikuwa imeanza tu pale Wizara ya Utafiti ya Ujerumani ilipoagiza chuma kisimwagwe mpaka tathmini huru ikamilike. Sababu ya agizo hilo ilikuwa ya kisheria kama ilivyokuwa ya kimazingira. Mwezi Mei mwaka 2008, huko Bonn, nchi wanachama wa Mkataba wa Bayoanuwai zilikuwa zimeazimia kwamba urutubishaji wa bahari usifanyike hadi pawe na msingi wa kutosha wa kisayansi, isipokuwa tafiti ndogo katika maji ya pwani. Wapinzani walihoji vipi eneo la kilomita za mraba 300 katikati ya Atlantiki ya kusini liitwe utafiti mdogo wa pwani. Watafiti walijibu kwamba kiasi cha chuma kilikuwa kidogo kikilinganishwa na kile ambacho bahari hupokea kwa njia za asili, na kwamba jaribio la pwani lisingeweza kujibu swali linalohusu bahari kuu. Tathmini za kisayansi na kisheria zilifanywa, na mwishoni mwa Januari ruhusa ikatolewa.

Mahali palipochaguliwa palikuwa kiini cha duara kubwa la maji linalojizungusha lenyewe. Maji ya katikati ya duara la namna hiyo huchanganyika polepole na ya nje, hivyo doa lililorutubishwa haliwahi kutawanyika upesi. Chuma kilimwagwa mara mbili, kila mara kiasi cha tani 2 kikiwa katika hali ya salfeti, na doa hilo lilifuatiliwa kwa siku 39.

Kuhesabu wasioonekana

Kazi ya kuhesabu huanza kabla ya chuma kumwagwa. Wingi wa zooplanktoni baharini haulingani mahali na mahali wala siku na siku, kwa hiyo idadi iliyopatikana baada ya urutubishaji haina maana isipolinganishwa na idadi mbili nyingine: ile ya mahali palepale kabla ya tukio, na ile ya maji ya jirani ambayo hayakuguswa. Katika vitabu vya kumbukumbu vya majaribio haya kila kituo cha kupimia hutambulishwa kuwa cha ndani ya doa au cha nje. Kosa la kudhani uko ndani ilhali mkondo umekwisha kukusogeza nje linaweza kuharibu kazi ya juma zima, na ndiyo maana maboya yanayoelea pamoja na maji hutupwa katikati ya doa, na katika baadhi ya majaribio gesi isiyopatikana kwa wingi baharini huchanganywa na chuma ili iwe alama ya maji yaliyorutubishwa.

Chombo kikuu cha kukusanyia ni wavu wa umbo la pia, mpana mdomoni na mwembamba mwishoni, ambako hufungwa kopo la kupokea wanyama. Wavu huteremshwa kwa waya hadi kina kilichokusudiwa, kisha huvutwa wima kuelekea juu kwa mwendo wa polepole usiobadilika. Wavu wa kawaida wa aina hii una mdomo wa robo mita ya mraba na macho ya maikromita 200, yaani sehemu moja ya tano ya milimita. Ulikubaliwa kimataifa katika miaka ya 1960 chini ya UNESCO ili takwimu za nchi mbalimbali ziweze kulinganishwa.

Wavu mmoja unaovutwa kutoka kilindini huchanganya wanyama wa vina vyote katika kopo moja, na hilo halitoshi. Kwa majaribio ya chuma hutumika zaidi fremu yenye nyavu kadhaa, mara nyingi tano, ambazo hufunguliwa na kufungwa moja baada ya nyingine kwa amri ya umeme inayotoka melini. Wavu wa kwanza huchukua, tuseme, tabaka la mita 500 hadi 300, wa pili 300 hadi 200, na kuendelea hadi juu. Hivyo hupatikana picha ya nani anaishi wapi, jambo lenye uzito mkubwa kwa sababu mlaji aliye juu, ndani ya mimea, na mlaji aliye chini, anayengoja mabaki yanayodondoka, wanafanya kazi tofauti kabisa katika safari ya kaboni.

Saa ya kuvuta wavu nayo huandikwa kwa makini. Kopepodi wengi hushuka kilindini mchana kuwakwepa samaki wanaowinda kwa macho, na hupanda usiku kula. Mtafiti anayechukua sampuli mchana tu atasema bahari ni tupu. Anayechukua usiku tu atasema imejaa. Kwa sababu hiyo vituo vikuu hufanyiwa kazi mchana na usiku, na wanaovuta nyavu usiku wa manane katika Bahari ya Kusini, katika baridi na mawimbi yanayojulikana kwa ukali, hawafanyi hivyo kwa kupenda.

Idadi ya wanyama katika kopo haimaanishi kitu mpaka ijulikane ni maji kiasi gani yamepita wavuni. Kihesabio kidogo chenye rafadha hufungwa mdomoni mwa wavu, na mizunguko yake hutafsiriwa kuwa umbali uliosafiriwa. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua mfano wa wavu wenye mdomo wa robo mita ya mraba uliovutwa kutoka mita 100 hadi mita 50. Kama maji yote yaliyokuwa mbele yake yamepita ndani, wavu umechuja mita za ujazo 12.5. Sampuli iliyopatikana ni nene mno kuhesabiwa yote, hivyo hugawanywa na sehemu moja ya kumi huwekwa chini ya hadubini. Wakihesabiwa kopepodi 500 katika sehemu hiyo, jumla katika kopo ni 5,000, na ukigawa kwa 12.5 unapata kopepodi 400 katika kila mita ya ujazo. Ukizidisha kwa unene wa tabaka, mita 50, unapata kopepodi 20,000 chini ya kila mita ya mraba ya uso wa bahari. Namba hii ya mwisho ndiyo inayofaa zaidi kulinganishwa na kiasi cha kaboni kinachozama, kwa kuwa nacho hupimwa kwa kila mita ya mraba.

Ugawaji wa sampuli hufanywa kwa ngoma maalumu ya plastiki yenye ukuta katikati, inayotenga sampuli katika nusu mbili zilizo sawa kadiri inavyowezekana. Nusu hugawanywa tena mpaka ibaki idadi inayoweza kuhesabiwa. Kanuni za takwimu zinaonyesha kuwa mtu aliyehesabu wanyama 400 ana shaka ya kiasi cha asilimia 5 inayotokana na bahati tu, na aliyehesabu 100 ana asilimia 10. Shaka hiyo ni ndogo. Kubwa zaidi ni ile ya bahari yenyewe: nyavu mbili zikivutwa moja baada ya nyingine mahali palepale zinaweza kutoa idadi zinazotofautiana sana, kwa sababu zooplanktoni hutembea kwa makundi. Asiyerudia mivuto hana haki ya kutangaza ongezeko dogo.

Baada ya kuvuliwa, wanyama huhifadhiwa katika fomalini iliyopunguzwa makali, ambayo kwa kawaida ni asilimia 4, na wengi hawahesabiwi melini. Huhesabiwa maabara, miezi baadaye, mmoja mmoja, kwa spishi, kwa jinsia na kwa hatua ya makuzi. Kopepodi hupitia hatua sita za uchanga na sita za ujana hadi ukubwani, na mtaalamu huzitofautisha kwa kuhesabu miguu na pingili za mwili. Pengine hapa ndipo msomaji atashangaa kwa nini matokeo kamili ya jaribio la wiki sita hutoka baada ya miaka. Vyombo vya sauti vinavyorusha mawimbi majini na kusikiliza mwangwi hutoa picha ya papo kwa papo, na ni msaada mkubwa kuonyesha kupanda na kushuka kwa makundi, lakini havisemi kwa uhakika ni mnyama gani aliyerudisha mwangwi.

Kila wavu una upofu wake. Wenye macho ya maikromita 200 huwaachia kopepodi wachanga na spishi nyembamba wapite. Katika Bahari ya Kusini hasara hiyo ni kubwa, kwa kuwa kopepodi mdogo aitwaye Oithona similis, ambaye hata akikomaa hafiki milimita moja, mara nyingi ndiye mwingi kuliko wote. Nyavu za maikromita 100 au pungufu humkamata, lakini huziba upesi pale mimea inapokuwa mingi. Yaani huziba hasa wakati jaribio linapofanikiwa. Kwa upande mwingine, wanyama wakubwa wenye mbio na macho makali huuona wavu mdogo ukija na kuukwepa. Kwao hutumika nyavu kubwa za kukokotwa, zikiwemo zenye mdomo wa mita 8 za mraba. Walio wadogo kuliko wote hawavuliwi kwa wavu kabisa, kwa kuwa miili yao laini huvunjika. Huchukuliwa pamoja na maji katika chupa zinazojifunga zikiwa kilindini, hutiwa iodini, huachwa watuame, kisha huhesabiwa kwa hadubini inayotazama kutoka chini.

Lipo jambo moja zaidi ambalo bila kulielewa mtu atazisoma vibaya takwimu za majaribio yote haya. Mmea mdogo wa baharini huweza kugawanyika mara moja kwa siku au kwa siku mbili. Kopepodi wa maji baridi huhitaji majuma mengi au miezi kutoka yai hadi utu uzima, na spishi nyingine hupata kizazi kimoja tu kwa mwaka. Jaribio la mwezi mmoja kwa hiyo haliwezi kutarajiwa kuzaa kundi jipya la wakubwa. Wakubwa wakiongezeka ndani ya doa, wamekuja kutoka kando au wamepanda kutoka chini na kubaki. Mwitikio halisi wa kizazi hutafutwa kwa mayai na wachanga, na mwitikio wa ulaji hutafutwa tumboni: rangi ya kijani iliyo ndani ya utumbo wa kopepodi hupimwa kwa mwanga ili kujua amekula mimea kiasi gani. Punje za kinyesi chao huhesabiwa pia. Si kazi ya kupendeza, lakini punje nzito inayozama kwa kasi ni gari la kubebea kaboni, na punje inayovunjwa njiani ni mzigo uliorudishwa.

Hesabu ya LOHAFEX ilivyosema

Ndani ya doa la LOHAFEX uzalishaji wa mimea na kiasi cha klorofili viliongezeka takriban maradufu katika wiki za kwanza. Kisha ongezeko likasimama, na chuma cha mara ya pili hakikulisukuma mbele. Sababu moja ilikuwa katika maji yenyewe. Diatomu, mimea yenye gamba la silika ambayo ndiyo iliyostawi katika majaribio mengi ya awali, haikuweza kukua kwa sababu asidi ya siliki ilikuwa imekwisha katika eneo hilo. Walioitikia chuma walikuwa viumbe vidogo visivyo na gamba, vyenye mikia ya kuogelea.

Sababu ya pili ilionekana kwenye nyavu. Maji yalikuwa na kopepodi wengi tangu mwanzo, miongoni mwa wakubwa akitawala Calanus simillimus na miongoni mwa wadogo Oithona similis. Mimea isiyo na gamba ni chakula kisicho na kinga, na wakaila. Kisha wakaonekana amfipodi aitwaye Themisto gaudichaudii, mnyama wa sentimita moja au mbili hivi anayewinda kopepodi na ambaye naye ni chakula cha ngisi na nyangumi. Kaboni iliyotarajiwa kuzama ilikuwa imepanda ngazi ya chakula.

Mitego ya kukusanya chembe zinazozama, iliyoelea yenyewe katika kina, ilithibitisha. Kiasi cha kaboni kilichoteremka chini ya doa hakikutofautiana kitakwimu na kile cha nje yake. Sehemu kubwa ya kilichoanza kuzama ilipotea kabla ya kuvuka mita 200, na watafiti waliihusisha hali hiyo na uhaba wa silika na na wanyama wanaokula mabaki na vinyesi vinavyodondoka, wakirudisha majini kile ambacho kingeondoka.

Ni muhimu kusema kwamba hayo si matokeo ya kila mahali. Miaka mitano kabla, katika jaribio la EIFEX la mwaka 2004, pia katika Bahari ya Kusini na kwa meli ileile, maji yalikuwa na silika ya kutosha. Diatomu zilistawi, zikafa, zikashikamana katika mafungu, na angalau nusu ya kaboni yao ikazama kupita mita 1,000. Gamba la silika ni uzito wa kuzamia, na kwa baadhi ya spishi ni ngao dhidi ya meno ya kopepodi.

Mfano ulio safi zaidi wa nguvu ya walaji unatoka Pasifiki ya kaskazini magharibi, ambako Wajapani walirutubisha karibu mahali pamoja mara mbili. Mwaka 2001, katika SEEDS, kilo 350 za chuma katika kilomita za mraba 80 zilizaa ustawi mkubwa wa diatomu, na klorofili ikapanda zaidi ya mara 10. Mwaka 2004, katika SEEDS ya pili, msimu uleule, ongezeko halikufika popote karibu na lile la kwanza. Miongoni mwa tofauti zilizopimwa, moja ilijitokeza: safari ya pili uzito wa zooplanktoni ulikuwa mara kadhaa zaidi tangu siku ya kwanza, wengi wao wakiwa kopepodi wa spishi Neocalanus plumchrus. Kama wanyama wasingehesabiwa katika safari zote mbili, mtu angeliandika kwamba chuma kilifanya kazi mwaka mmoja na kugoma mwaka mwingine.

Kanuni zilizopo

Tarehe 31 Oktoba 2008 nchi wanachama wa Mkataba wa London na Itifaki yake, vyombo vinavyosimamia utupaji wa taka baharini, ziliazimia kwamba urutubishaji wa bahari usiokuwa utafiti halali wa kisayansi usiruhusiwe. Mwaka 2010 zilipitisha mwongozo wa kutathmini kila ombi la utafiti, na mwezi Oktoba 2013 ziliafiki marekebisho ya Itifaki yanayoliweka jambo hilo katika sheria yenye nguvu ya kufunga. Marekebisho hayo huanza kutumika baada ya theluthi mbili ya wanachama kuyakubali. Azimio la Bonn la Mkataba wa Bayoanuwai, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama wake, linakataza pia utafiti huo kutumiwa kuzalisha na kuuza hati za kufidia kaboni.

Kizuizi hicho cha biashara hakikuwekwa bila sababu. Mwaka 2012, nje ya pwani ya magharibi ya Kanada, karibu tani 100 za salfeti ya chuma zilimwagwa na mradi wa kibinafsi uliokuwa na shabaha ya kuongeza samaki aina ya samoni na kupata mapato ya kaboni. Serikali ya Kanada ilianzisha uchunguzi. Samoni waliongezeka baadaye katika baadhi ya mito, na ubishi kuhusu chanzo cha ongezeko hilo haukuweza kumalizwa, kwa kuwa mpango wa kupima ndani na nje ya eneo, kabla na baada, haukuwa wa kiwango kinachokubalika kisayansi.

Maji ya pwani ya Afrika Mashariki si miongoni mwa bahari zinazolengwa na pendekezo hili, kwa kuwa upungufu wa chuma sio unaoyazuia. Hata hivyo nchi za ukanda huu hupiga kura katika vikao vinavyoamua kanuni za bahari kuu, na soko la kaboni halina mipaka. Taarifa ya mradi wowote wa urutubishaji inapotolewa, yafaa kutazama kama inataja idadi ya zooplanktoni kwa kila mita ya mraba, ndani na nje ya eneo, mchana na usiku, kwa nyavu za macho ya ukubwa gani, na kwa muda gani baada ya chuma kwisha majini. Katika mwongozo wa mwaka 2010 mwombaji ndiye anayetakiwa kueleza mpango wake wa ufuatiliaji kabla ya kupewa ruhusa, na nchi inayotoa kibali ina mamlaka ya kukikataa pale maelezo hayo yanapokosekana.